Saratani Iingiapo Katika Mishipa Mikuu ya Damu

Mwalimu wa baiolojia anayefundisha habari za mzunguko wa damu aweza kupata buchani, kwa bei ndogo, kifaa cha kufundishia kisichoshindwa na mchoro wowote wa kitabuni. Amwombe mchinjaji amwachie moyo wa ng'ombe pamoja na mishipa iliyoungana nao, kila mmoja urefu wa shibiri moja. Mmoja atauona mweupe, mnene na wenye kunyumbuka kama mpira; akiulaza mezani, tundu lake hubaki wazi. Huo ni aota, mshipa utoao damu moyoni. Mwingine una ukuta mwembamba wa rangi ya kijivu, na mara uwekwapo mezani hulala bapa kama soksi isiyo na mguu ndani. Huo ni vena kava ya chini, mshipa urudishao moyoni damu itokayo sehemu za mwili zilizo chini ya kiwambo.

Kwa binadamu mtu mzima, vena kava ya chini ina upana wa sentimita 2 hadi 2.5. Huanzia kiunoni, hupanda upande wa kulia wa uti wa mgongo, hupokea vena za figo zote mbili, hupita nyuma ya ini na kupokea vena za ini, kisha hutoboa kiwambo na, baada ya mwendo mfupi, huingia katika chumba cha juu cha kulia cha moyo. Moyo wa mtu aliyepumzika husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika, na karibu theluthi mbili ya damu hiyo hurudi kwa njia hii moja. Shinikizo la damu ndani ya aota hupanda hadi milimita 120 za zebaki kila moyo unapopiga. Ndani ya vena kava kwa kawaida halifiki hata 10. Ndiyo sababu kuta za mishipa hii miwili hazifanani.

Msomaji na aikumbuke tofauti hiyo, maana tutairudia. Makala haya yanahusu saratani chache, baadhi yake adimu sana, ambazo huingia katika mshipa huu mkuu au huzaliwa ndani ya ukuta wake. Kwa muda mrefu daktari aliyefungua tumbo na kukuta uvimbe umeushika mshipa mkuu hakuwa na la kufanya ila kulishona tumbo na kumrudisha mgonjwa wodini. Siku hizi si hivyo tena. Hata hivyo si kweli kwamba kila uvimbe unaoweza kukatwa wafaa kukatwa, na ugumu mkubwa wa kazi hii umo katika kuutambua ule unaofaa.

Uvimbe mgeni na uvimbe mzaliwa

Saratani ya figo ya watu wazima ni mfano ulio wazi wa uvimbe ambao twaweza kuuita mgeni. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani hii, 4 hadi 10 huonekana wakiwa na uvimbe uliokwisha kutoa ulimi ndani ya vena ya figo au vena kava. Ulimi huo hukua ukifuata mkondo wa damu: kwanza hutokeza katika vena kava, kisha hupanda nyuma ya ini, na kwa wagonjwa wachache, yapata mmoja katika 100, huvuka kiwambo na kuchungulia ndani ya moyo wenyewe.

Mwanafunzi atadhani kwamba uvimbe uliofika moyoni umekwisha kusambaa mwili mzima. Mara nyingi sivyo. Ulimi huo aghalabu huelea ndani ya mshipa bila kushikamana na ukuta. Mzizi wake uko kwenye figo, na sehemu iliyobaki ni mkia tu. Ikiwa mapafu, mifupa na tezi ni salama, na figo pamoja na mkia wake vikaondolewa vyote, ripoti nyingi zaonyesha kwamba wagonjwa 40 hadi 60 katika kila 100 huwa hai baada ya miaka mitano. Kwa ugonjwa ambao usipotibiwa huua katika muda mfupi, hayo si mavuno haba.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari wa falsafa ng'ambo, katika fani ya fiziolojia, nilipata ruhusa ya kusimama nyuma ya madaktari walipokuwa wakimpasua mgonjwa wa namna hiyo. Mimi si mpasuaji, na kazi yangu ilikuwa kutazama tu. Chombo cha mawimbi ya sauti kilikuwa kimeteremshwa kooni mwa mgonjwa hadi nyuma ya moyo, na kwenye kioo chake tuliona kitu cha kijivu kikiyumba kwenye mlango wa moyo kila ulipopiga, kama mwani upungwapo na maji. Mpasuaji mkuu aliomba watu wote wanyamaze. Kipande kimoja tu cha mwani ule kikikatika, kingechukuliwa na damu moja kwa moja hadi mapafuni, na mgonjwa angefia pale pale mezani. Baadaye niliuona uvimbe wenyewe umelazwa kwenye sahani: laini, wa mviringo, mrefu kupita kiganja changu, na umbo lake lilikuwa umbo la ndani la mshipa uliokuwa umeujaza.

Aina ya pili ni ile ya uvimbe mzaliwa. Ndani ya ukuta wa vena mna misuli laini, ile isiyotii hiari yetu. Seli za misuli hiyo zikiasi na kuanza kugawanyika ovyo, hutokea saratani iitwayo liomayosakoma. Katika vena kava ya chini ugonjwa huu ni adimu mno. Ulielezwa kwa mara ya kwanza na Mjerumani aitwaye Perl mwaka 1871. Mwaka 1996, karne moja na robo baadaye, Mingoli na wenzake walipochapisha rejesta ya kimataifa ya wagonjwa wote waliopata habari zao, jumla yao ilikuwa 218. Kwa sababu zisizoeleweka vema, wagonjwa walio wengi ni wanawake, na aghalabu huwa wamekwisha kupita umri wa miaka 50.

Uvimbe huu hauna mzizi mahali pengine. Ukuta wa mshipa ndio uvimbe, na uvimbe ndio ukuta. Hauwezi kuvutwa ukatoka. Hapana budi kipande kizima cha mshipa kikatwe, pamoja na ukingo wa nyama iliyo salama kukizunguka. Tena hukua polepole bila kelele. Damu ikiona njia inazibwa taratibu hutafuta njia nyingine: vena ndogo za mgongoni na za ukuta wa tumbo hupanuka na kuibeba. Hivyo mgonjwa huweza kukaa miezi mingi na uvimbe mkubwa asione ila uzito tumboni. Ukiwa chini ya vena za figo, huenda miguu ikavimba. Ukiwa katikati, kati ya vena za figo na za ini, huleta maumivu ya ubavuni. Ukiwa juu zaidi huziba vena za ini; ini huvimba, tumbo hujaa maji, na hapo upasuaji huwa mgumu kupita kiasi. Kwa bahati, sehemu ya katikati ndiyo ishikwayo mara nyingi zaidi kuliko ile ya juu.

Uzi wa Lyon

Ili mtu aweze kukata mshipa mkuu, ni lazima ajue kwanza namna ya kuushona. Jambo hili laonekana dogo, lakini lilikuwa halijulikani vizuri mpaka mwanzoni mwa karne ya 20.

Mwezi Juni 1894 Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alidungwa kisu akiwa katika mji wa Lyon. Kisu kilipenya ini na kukata vena kubwa ipelekayo damu ya matumbo kwenye ini, na madaktari hawakuweza kumwokoa. Katika mji huo alikuwapo kijana aliyekuwa akisomea udaktari, Alexis Carrel. Yeye alishika msimamo kwamba mshipa uliokatwa waweza kushonwa kama kitu kingine chochote, mradi uzi na sindano viwe vyembamba vya kutosha. Inasimuliwa kwamba alikwenda kujifunza kutarizi kwa fundi mmoja wa kike wa mji ule, ambao sifa yake ilikuwa ni hariri. Mwaka 1902 alitangaza njia yake.

Njia yenyewe yafaa kusomwa hata katika darasa la hisabati. Ncha mbili za mshipa uliokatwa ni duara mbili. Ni vigumu kushona duara iliyo laini: sindano hushika ukuta wa mbele na wa nyuma kwa pamoja, na mshipa huziba. Carrel aliweka nyuzi tatu tu za kushikizia, kila moja ikiwa mbali sawa na wenzake, akawaambia wasaidizi wazivute kwa pande tatu. Mara duara ikageuka kuwa pembetatu, nazo pande tatu zilizonyooka zikashoneka moja baada ya nyingine kama pindo la nguo. Nyuzi za hariri alizipaka vaselini ili ziteleze bila kuchana utando wa ndani wa mshipa. Utando huo ndio uizuiao damu isigande; ukichanika, chembe sahani za damu hushika pale mara moja na kujenga donge.

Kwa kazi hiyo, aliyoiendeleza Marekani, Carrel alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1912. Katika uzee wake aliandika maoni ya kubagua watu kwa kisingizio cha ubora wa uzazi, maoni ambayo hayastahili kuheshimiwa na mtu yeyote. Mshono wake, hata hivyo, ungali ukitumika.

Nguo na bomba

Mshono waweza kuunganisha ncha mbili zilizo karibu. Ukikata sentimita 10 za mshipa, ncha hazikutani. Pengo hilo litazibwa na nini?

Mwanzoni ilitumika mishipa ya watu waliokufa, lakini haikupatikana kwa wingi, tena iliharibika upesi. Huko New York, Arthur Voorhees alikuwa amegundua kwamba uzi wa hariri ulioachwa ndani ya moyo wa mbwa ulikuwa umefunikwa na utando laini unaong'aa. Akajiuliza: ikiwa uzi mmoja hufunikwa, mbona nguo nzima isifunikwe? Mwaka 1952 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya kutumia mabomba ya kitambaa cha nyuzi za plastiki kuziba mapengo ya ateri. Muda si mrefu Michael DeBakey wa Houston akawa anashona mabomba ya aina hiyo kwa cherehani ya nyumbani. Yeye mwenyewe alipenda kusimulia kwamba alikwenda dukani kununua nailoni, akakuta imekwisha, akachukua Dakroni kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo. Sadfa ile ilikuwa njema, maana Dakroni ilidumu mwilini kuliko nailoni.

Mabomba haya yalifaa sana kwa aota, ambamo damu hupita kwa kasi na shinikizo kubwa. Kwa vena kava hayakufaa kwa miaka mingi, na hapa ndipo msomaji aikumbuke ile soksi iliyolala mezani. Damu ya vena hupita polepole, na damu ipitayo polepole juu ya kitu kigeni huganda. Zaidi ya hayo, mgonjwa akikohoa au akijikamua, shinikizo la tumbo hulishinda lile lililomo ndani ya vena, na bomba laini hubanwa likajifunga. Suluhisho lilipatikana baadaye kwa bomba la plastiki aina ya Tefloni iliyovutwa hadi ikawa na vitundu vidogo mno, ambalo kwa nje limezungushiwa pete ngumu mfano wa zile za koo la hewa. Pete hulizuia lisibanwe. Ni jambo la kustaajabisha kwamba maumbile yalikwisha kulitatua tatizo hilo hilo katika koo letu kwa gegedu.

Wakati mwingine mpasuaji haweki bomba lolote. Ikiwa vena kava ilikwisha kuzibwa taratibu na uvimbe, na njia za pembeni zimekwisha kupanuka, yeye hukata kipande na kuzifunga ncha zote mbili. Miguu ya mgonjwa huvimba kwa muda, kisha wengi hupata nafuu.

Figo nazo zina siri yake. Vena ya figo ya kushoto ni ndefu, na njiani hupokea vena ya tezi ya juu ya figo na ile ya tezi ya uzazi. Ikifungwa karibu na vena kava, damu ya figo hurudi nyuma kwa njia hizo, na figo mara nyingi hupona. Vena ya figo ya kulia ni fupi na kwa kawaida haina matawi hayo. Ikifungwa, figo huvimba kwa damu isiyo na pa kutokea, na hufa. Kwa hiyo mpasuaji aondoaye sehemu ya katikati ya vena kava aweza kuifunga ya kushoto, lakini ya kulia hana budi kuishona upya kwenye bomba. Mtihani wa kidato cha nne huuliza tofauti kati ya figo hizo mbili, na mwanafunzi hujibu kwamba moja iko chini kidogo kuliko nyingine. Jibu hilo ni sahihi, ila halionyeshi kwa nini swali lina maana.

Baridi

Kikwazo cha mwisho kilikuwa muda. Uvimbe uliomo ndani ya moyo hauwezi kuondolewa damu ikiwa inapita, na ubongo ukikosa damu katika joto la kawaida la mwili huanza kuharibika katika dakika nne au tano hivi.

Tarehe 6 Mei 1953, katika mji wa Philadelphia, John Gibbon alifunga tundu katika moyo wa msichana wa miaka 18 huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu yake. Tangu hapo moyo uliweza kufunguliwa na kusimamishwa. Mashine hiyo ina faida nyingine: damu ipitayo ndani yake yaweza kupozwa. Mahitaji ya oksijeni ya ubongo hupungua kwa takriban nusu kila joto lishukapo nyuzi 7 hadi 10 za Selsiasi. Mgonjwa akipozwa kutoka nyuzi 37 hadi 18, ubongo wake huhitaji robo ya oksijeni ya kawaida au chini ya hapo. Basi mashine nayo husimamishwa, na mpasuaji hupata kama nusu saa ambayo hakuna tone la damu litembealo. Katika nusu saa hiyo hufungua chumba cha moyo na vena kava, huuvuta ulimi wa uvimbe kutoka juu na chini, huosha ndani, hushona. Kisha damu hutiwa joto polepole na moyo huanza tena kupiga. Wapasuaji wengi siku hizi hujitahidi kuepuka hatua hii wawezapo, kwa kuwa damu iliyopozwa haigandi vizuri na mgonjwa hutoka damu nyingi baada ya kushonwa.

Ini nalo lilikuwa na tatizo lake. Uvimbe ulioshika vena kava mahali vena za ini ziingiapo haufikiki kwa mkono, kwa sababu ini zima liko mbele yake. Mwaka 1988 Rudolf Pichlmayr wa Hannover, Ujerumani, aliyekuwa na uzoefu mkubwa wa kupandikiza maini, alifanya jambo ambalo lilionekana kama wazimu. Alilitoa ini la mgonjwa nje ya mwili, akaliosha kwa maji maalumu ya baridi, akalilaza kwenye meza ya pembeni, akaukata uvimbe kwa utulivu pande zote, akaitengeneza upya mishipa, kisha akalirudisha ini lile lile kwa mwenyewe. Muda wote huo pampu huibeba damu ya miguu na ya matumbo na kuimwaga katika vena ya kwapani. Njia hiyo ingali ikitumika mahali pachache, kwa wagonjwa wachache mno. Si wachache waliofariki katika wiki za kwanza, na sioni kwamba mtu aweza kuisifu bila kulisema hilo.

Swali la mzee

Katika nchi ile ile nilikosomea, nilihudhuria kikao cha madaktari waliokuwa wakijadili habari za mama mmoja mwenye liomayosakoma ya vena kava. Picha za eksirei za kompyuta zilionyesha uvimbe katikati ya mshipa, na pia vidoa viwili vidogo katika pafu. Kijana mmoja, hodari kweli kweli, alieleza jinsi atakavyoukata: wapi atabana, bomba gani ataweka, saa ngapi itamchukua. Alipomaliza, daktari mzee aliyekuwa ameketi nyuma akauliza, "Tukiisha kuukata, tutakuwa tumemwondolea nini?" Hakuna aliyejibu upesi.

Swali lile halikuwa la kukatisha tamaa. Hata uvimbe huu ukikatwa wote, pasipo kuonekana doa lolote mahali pengine, zaidi ya nusu ya wagonjwa katika ripoti nyingi hurudiwa na saratani, aghalabu mapafuni au katika ini. Waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa kati ya theluthi moja na zaidi kidogo ya nusu. Upasuaji ndio tiba pekee iliyokwisha kuwapa baadhi ya wagonjwa miaka mingi. Dawa na mionzi husaidia, lakini peke yake haviondoi ugonjwa. Basi mgonjwa ambaye saratani yake imekwisha kusambaa aweza kufunguliwa tumbo kwa saa nane, akabaki hospitalini miezi miwili, na miezi hiyo ikawa sehemu kubwa ya siku alizobakiwa nazo. Mama yule hakupasuliwa mara moja. Alipewa dawa kwanza, ili ionekane kama vidoa vya mapafuni vitasimama au vitaongezeka. Viliongezeka. Alikwenda kwao bila kukatwa, na nilielezwa kwamba aliishi mwaka na zaidi nyumbani kwake. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na naona walifanya sawa.

Kwa watoto wetu hesabu ni nyingine. Katika Afrika Mashariki uvimbe ambao mwalimu au mzazi ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana nao ni ule wa figo za watoto, uliopewa jina la Max Wilms, Mjerumani aliyeandika kitabu juu yake mwaka 1899. Huwapata hasa watoto wa chini ya miaka mitano. Mara nyingi mama ndiye agunduaye, siku anapomwogesha mtoto na kuhisi kitu kigumu upande mmoja wa tumbo. Kati ya watoto hao, 4 hadi 8 katika 100 huwa na ulimi wa uvimbe ndani ya vena kava, na mmoja hivi huwa nao moyoni. Lakini uvimbe wa Wilms husikia dawa vizuri kuliko saratani za watu wazima. Mojawapo ya dawa hizo, vinkristini, hutolewa katika mmea wenye asili ya Bukini, wenye maua ya waridi au meupe, ambao hupandwa mbele ya nyumba nyingi za pwani yetu kama pambo tu. Dawa zikitolewa kwa wiki kadhaa kabla ya upasuaji, uvimbe husinyaa, na ulimi uliokuwa umefika moyoni mara nyingi hurudi chini ya kiwambo. Hapo mashine ya moyo na mapafu haihitajiki tena, na kazi yote huweza kufanywa tumboni.

Upasuaji wa kufungua moyo hufanyika Nairobi, na Dar es Salaam pia, ambako Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka 2015. Uzi upo, na mikono ya kuushika ipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu watoto wa Kenya wenye uvimbe wa Wilms ulionyesha kwamba wale waliomaliza tiba yote waliyopangiwa walipona kwa wingi karibu sawa na watoto wa nchi tajiri. Wengi wao hawakuimaliza. Nauli ilikwisha, au uvimbe ulisinyaa kwa dawa ya kwanza na wazazi wakaona mtoto amepona, wakampeleka nyumbani.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wa kanda zenye kichocho wangelijua. Mkojo wenye damu ni dalili ya kichocho, na huko kwetu mtu aonapo damu katika mkojo hufikiri kichocho kwanza, na mara nyingi huwa sawa. Lakini damu katika mkojo ni dalili ya saratani ya figo pia. Mtoto au mtu mzima aliyepewa dawa ya kichocho na damu ikaendelea, au aliye na uvimbe ubavuni, apimwe tena kwa ultrasaundi. Kipimo hicho hakina maumivu, na siku hizi hospitali nyingi za mikoa zinacho.

Zoezi la darasani

Chukua ile vena kava ya ng'ombe uliyopewa buchani. Ikate katikati kwa wembe mkali. Kwa sindano nyembamba kabisa uipatayo na uzi uliopakwa vaselini, weka nyuzi tatu za kushikizia kwa nafasi zilizo sawa, uwape wanafunzi watatu wazivute mpaka duara iwe pembetatu, kisha ushone kila upande kwa mishono iliyoachana milimita 2. Funga ncha moja kwa kamba. Upande wa pili chomeka mrija wa mpira uliounganishwa na faneli, utie maji, na uinue faneli sentimita 13 juu ya mshipa. Hilo ni sawa na milimita 10 za zebaki, yaani shinikizo la vena. Hesabu matone yavujayo kwa dakika moja. Kisha rudia kazi yote kwa aota, ukiinua faneli hadi mita 1.6, ambayo ni karibu sawa na milimita 120 za zebaki. Wanafunzi wavae glavu, na meza ioshwe kwa sabuni na maji ya moto. Wakati wa kushona, mwanafunzi mmoja ashike saa: mpasuaji mzoefu huimaliza kazi hii kwa dakika 15 hadi 20, damu ikimsubiri.